Kipya kinyemi, au mapenzi ya kweli? Jibu kwa dada wa Tegeta

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mhasibu, naishi Tegeta, ofisi yangu iko Posta, katikati ya Dar es Salaam. Mwaka jana kaka yangu alihamishiwa Mwanza akaniachia gari lake la umeme, Nissan Leaf ya 2014, ile ya betri ndogo, aliyoiagiza Japani. Nilikuwa nimeuza Toyota IST yangu kulipa ada za watoto, basi nikaipokea kwa shingo upande, nikijisemea ni ya muda tu. Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Kwenda na kurudi ni kilomita 52 kwa siku, nachaji nyumbani kila nikirudi. Fundi, nimelipenda gari hili kuliko gari lolote nililowahi kuwa nalo. Mchana nashuka ofisini nakwenda kula chakula changu ndani yake. Mume wangu ananiambia "kipya kinyemi ingawa kidonda". Mwezi uliopita kisanduku kimoja cha betri kwenye dashibodi kimezimika, vimebaki 10 kati ya 12, na fundi wa mtaani kwetu anasema vikifika nane litanizimikia barabarani, niliuze sasa wakati bado lina bei. Niuze? Au nasikiliza moyo kwenye jambo la kusikiliza akili?

JIBU: Marahaba, dada yangu.

Kwa hizo kilomita 52, na kwa visanduku 10, usiuze. Nitakueleza kwa nini, tena kwa urefu, kwa sababu barua yako ina mambo mawili na watu wengi huyachanganya. Kuna moyo wako, na kuna betri. Moyo wako hauna tatizo lolote. Betri inataka uangalizi, na kuna jambo moja katika barua yako limenitia wasiwasi kuliko kile kisanduku kilichozimika. Nitalifikia.

Nianze na mapenzi, maana unayaandika kama mtu anayeomba msamaha. Mimi nimekulia kwenye dizeli. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipokea Land Cruiser, naweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, nasikiliza wapi panagonga. Leaf ya kwanza ilipoingia gereji kwangu nilifungua boneti nikakosa cha kusikiliza. Mwenye gari aliniomba nilijaribu barabarani kwa sababu breki zilikuwa zinalia. Nilikwenda hadi Bunju nikarudi, nikazima, nikabaki nimeketi. Mke wangu alinipigia simu kuuliza niko wapi, nikamjibu niko gereji, nimekaa ndani ya gari la mtu. Kwa hiyo habari yako ya kula chakula ndani ya gari naielewa vizuri sana.

Lakini kile unachokipenda kina sababu, na mtu akizijua sababu hawezi tena kuambiwa ni upya tu. Chukua foleni ya jioni, Mwenge hadi Tegeta. Injini ya petroli ukisimama haisimami nawe. Inaendelea kuzunguka mara mia saba na zaidi kwa dakika, inatikisa usukani, inachoma mafuta ili tu isizimike. Ukiwasha kiyoyozi, saa moja ya kusimama inakula mafuta yanayokaribia lita nzima. Mota ya umeme ukisimama inasimama, hakuna kinachozunguka. Kinachokula chaji ni kiyoyozi, redio na taa, na vyote pamoja kwa saa moja huchukua uniti moja hivi. Linganisha uniti ya umeme ya shilingi 350 na kitu na lita ya petroli inayochezea 3,000. Ndiyo maana unafika nyumbani huna ile hasira ya foleni. Mwili wako haukutikiswa saa mbili nzima, na mkoba wako haukuvuja.

Halafu kuna ile namna linavyoondoka. Injini ya mafuta inabidi izunguke kwanza ndipo ipate nguvu, na gia zipo kwa ajili hiyo. Mota ya gari lako inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha, ambayo ni zaidi ya nyutoni-mita 250, tangu tairi liko palepale. Haina gia za kubadilisha. Daladala ikikuachia nafasi ya sekunde mbili pale Lugalo, unaingia bila mshtuko. Na ukiachia mguu, mota inageuka kuwa jenereta: mwendo wa gari unarudishwa kwenye betri badala ya kupotea kwenye pedi za breki. Weka mkono wa gia kwenye B uone. Ukiizoea utagusa breki mara chache. Pedi zako zitadumu miaka. (Asubuhi betri ikiwa imejaa kabisa utahisi halishiki sana ukiachia mguu. Si ubovu. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaorudi.)

Ukimya nao una upande wa pili. Wewe unasikia mvua juu ya paa, lakini mtoto anayekimbiza mpira uchochoroni hakusikii wewe. Gari lina sauti ndogo ya kuwatahadharisha watu likiwa mwendo wa taratibu, ila kwa kelele za mitaa yetu haitoshi. Ukiingia mtaani, endesha kama vile hakuna anayejua kuwa upo.

Kuhusu pesa, wewe ni mhasibu, nitapita haraka. Siku 24 za kazi ni kama kilomita 1,250. Kwa kilomita sita kwa uniti, pamoja na kinachopotea njiani wakati wa kuchaji, ni uniti 240 hivi, yaani kama shilingi 85,000 za umeme wa LUKU. IST yako kwenye foleni, tukiipa kilomita 12 kwa lita, ingekunywa lita 104, ambazo ni zaidi ya laki tatu. Jambo moja tu la kuangalia: kama nyumba yako ilikuwa kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, gari limekutoa huko, na sasa hata umeme wa jokofu na taa unaulipia bei ya juu. Liingize kwenye hesabu. Bado utaona gari linashinda.

Sasa betri.

Vile visanduku 12 vidogo vya pembeni havionyeshi chaji, vinaonyesha afya ya betri, na havikugawanywa sawa. Cha kwanza huzimika betri ikiwa imepoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake wa upya. Baada ya hapo kila kimoja ni asilimia sita na robo hivi. Cha pili kikizimika ndiyo kwanza, kama chako, betri ina karibu asilimia 78. Ilipokuwa mpya ilikutolea uniti 21 za kutumia kati ya zile 24 zilizoandikwa. Leo inakutolea 16 na kidogo. Kwa kilomita sita kwa uniti, hizo ni kilomita 96 au zaidi kidogo, na wewe unahitaji 52.

Je, vikibaki nane? Hapo betri itakuwa na asilimia sitini na kidogo, uniti 13. Bado ni kilomita 78. Utakwenda Posta na kurudi, utafika Tegeta ukiwa na theluthi moja imebaki. Kwa hiyo fundi wa mtaani kwenu, ambaye naamini amesema kwa nia njema, anaichukulia betri kama injini: kwamba kuna siku itakufa. Betri ya namna hii haifi siku moja. Inapungua, kama ndoo inayojaa mchanga chini, kila mwaka maji yanayoingia ni machache kidogo.

Gari la namna hii huzimika barabarani kwa sababu nyingine. Mojawapo ni seli moja dhaifu. Ndani ya betri yako kuna moduli 48, kila moja ina seli nne, na kundi lote linakwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Seli moja ikiwa mbovu, dashibodi inaweza kukuonyesha asilimia 25, ukapanda mlima, volti za ile seli zikaporomoka, na kobe akatokea. Unamjua kobe? Ni taa yenye picha ya kobe. Ikiwaka, gari limejipunguzia nguvu ili kuilinda betri, na huna budi kutafuta pa kuegesha.

Seli dhaifu hujificha usipoipima, na kipimo chake ni rahisi. Nunua kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kinachoongea na simu kwa bluetooth, na uweke programu inayoitwa LeafSpy. Utaona nguzo za seli zote. Ifungue programu hiyo betri ikiwa imeshuka hadi asilimia 20 hivi, gari likiwa linakwenda, siyo ikiwa imejaa, kwa sababu ikijaa hata mgonjwa anaonekana mzima. Tofauti kati ya seli ya juu na ya chini ikiwa milivolti 20 au 30, lala usingizi. Ikizidi 100, njoo tuzungumze, kwa sababu moduli moja au mbili zinaweza kubadilishwa bila kununua betri nzima. Andika namba hizo kwenye daftari kila baada ya miezi mitatu pamoja na asilimia ya afya. Mwaka ukiisha utajua betri yako inazeeka kwa kasi gani, na hutahitaji maoni ya mtu.

Kipimo hicho pia kitakuambia kama kaka yako aliuziwa kitu halali. Wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili visanduku vyote 12 viwake siku ya kuuza. Baada ya wiki chache za kuendesha vinazimika mfululizo, kimoja nyuma ya kingine. Chako kimezimika kimoja ndani ya miezi kumi na moja. Huo ni uzee wa kweli, wa kawaida.

Na uzee huo unaletwa na nini? Joto. Hapa ndipo penye ule wasiwasi wangu. Umesema mchana unakula ndani ya gari. Limeegeshwa wapi? Maana sehemu nyingi za kuegesha pale Posta ni lami tupu na jua la utosi. Mota ya Leaf inapozwa kwa maji, chaja yake inapozwa kwa maji, lakini betri, ambayo ndiyo ghali kuliko vyote, haina maji wala feni. Ni sanduku la chuma la karibu kilo 300 chini ya sakafu, na kitu kizito namna hiyo kikishapata moto kinakaa nao hadi usiku. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, walianza kulalamika kwamba visanduku vinazimika mapema mno. Mji ule ni wa jangwani. Malalamiko yale yalichangia Nissan kutoa dhamana ya uwezo wa betri kule Marekani, na baadaye kubadilisha kemia ya betri yenyewe. Dar haifikii moto wa Phoenix, lakini Phoenix ina majira ya baridi, sisi hatuna. Betri yetu haipati likizo.

Basi tafuta kivuli. Mwembe, ghorofa la chini, upande wa magharibi wa jengo asubuhi na mashariki mchana, popote. Kama ni kulipia maegesho yenye paa, lipia. Katika gharama zote za gari hili hiyo ndiyo ningeikubali bila kubishana.

La pili linalokwenda pamoja na joto ni kujaa. Betri iliyojaa asilimia mia na yenye moto inazeeka kwa haraka kuliko iliyo nusu. Unaandika kwamba unachaji kila ukirudi. Unarudi saa mbili usiku, betri imetoka barabarani ina joto, unaichomeka papo hapo, saa saba usiku imejaa, halafu inakaa imejaa hadi alfajiri. Geuza utaratibu. Kilomita zako 52 zinakula uniti tisa, ukiongeza kinachopotea ni kumi. Kwa soketi ya kawaida inayotoa ampea 10, hizo zinaingia kwa muda wa saa nne na nusu. Tumia kipima muda cha gari, maandishi ni ya Kijapani lakini kaka yako atakuelekeza kwa simu, lianze kuchaji saa saba usiku. Litamaliza saa kumi na moja na nusu alfajiri, na saa kumi na mbili unaondoka. Betri itakuwa imepoa kabla ya kuanza, na haitakaa imejaa bure. Siku ambayo una asilimia 80 na huna safari, usichaji. Usiiache ikae siku nyingi chini ya asilimia 20 pia. Na kwa kuwa umeme wetu unaweza kukatika usiku wowote, jiwekee mpaka: usilale na chini ya asilimia 60 kama kesho ni siku ya kazi; ukirudi na pungufu ya hapo, ipe chaji kidogo kabla ya kulala, kipima muda kimalizie. Tunakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023. Hali imekuwa tofauti tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuingia kazini Februari 2024, na lile bwawa limejengwa kwa megawati 2,115. Sehemu ya safari yako ya kila siku sasa inaendeshwa na maji ya Rufiji, na nikiri kwamba hilo linanifurahisha kila ninapolifikiria.

Kuhusu soketi, tafadhali lisome hili mara mbili. Mwaka wa kwanza nilipoanza kuchaji gari nyumbani nilitumia soketi ya ukutani iliyokuwa na pasi na feni miaka kumi bila shida. Pasi inawaka na kuzima. Gari linavuta ampea 10 bila kupumua saa nne, tano, sita. Usiku mmoja mke wangu alisikia harufu ya plastiki. Soketi ilikuwa imeungua nyuma, waya umekuwa mweusi, na chumba cha pili walikuwa wamelala watoto. Tangu usiku ule simwachii mtu alichukulie hili kimzaha. Gari lipewe laini yake kutoka kwenye meni swichi, waya mnene, ethi iliyopimwa, na ile swichi inayokata umeme unapovuja. Kebo za Japani ni za volti 100 au 200, sisi tuna 230. Usikubali mtu akate kichwa cha plagi na kufunga kingine ovyo. Nunua kebo iliyotengenezwa kwa volti zetu. Na usitumie ekstensheni. Baada ya nusu saa ya kuchaji gusa plagi kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikikufanya uondoe mkono, zima.

Mengine ni mafupi. Chini ya boneti kuna betri ndogo ya kawaida ya volti 12. Ikichoka, gari zima linapagawa, taa zinawaka hovyo, halitaki kuwaka, na watu wanakuambia betri kubwa imekufa. Mteja mmoja alinivutia gari lake kutoka Mbezi akiwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa chuma chakavu. Nilibadilisha ile ndogo, akaondoka analiendesha. Nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe na mtu asiyefunzwa. Mle mna volti karibu 400, na haziungwi kwa seloteipu. Na bonde la Jangwani likijaa maji, ngoja yapungue kama wanavyongoja wengine.

Safari ndefu usiliombe. Morogoro ni kilomita 190 na ushei, na mpango wako usitegemee chaja ya kukuta barabarani. Kupanda treni ya SGR hadi Morogoro ni raha, nayo ni ya umeme. Kwenda Moshi wakati wa Krismasi mtasafiri kwa njia nyingine, na hapo ndipo shemeji ana hoja: nyumba yenye gari moja tu, tena la kilomita 96, itakwama mara mbili tatu kwa mwaka. Kaeni mpige hesabu ya kukodi gari kwa siku hizo. Nadhani zile laki mbili na zaidi unazookoa kila mwezi zitajibu, lakini ni hesabu yenu, si yangu.

Fundi wa mtaani kwenu naye anasema kweli kwamba bei ya gari hili sokoni itashuka. Wanunuzi ni wachache na wengi wanaogopa kitu kilekile alichokuambia fundi. Ila tofauti ya bei ya visanduku 10 na tisa haizidi petroli utakayonunua ukirudi kwenye IST kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo usipange kuuza kwa kuangalia dashibodi. Panga kwa safari yako: siku ya kawaida, umekwenda Posta umerudi, kiyoyozi kimewaka, ukifika nyumbani na chini ya asilimia 20 wiki nzima mfululizo, hapo tuzungumze. Na hata siku hiyo kuna njia mbili kabla ya kuuza. Umpe mtu mwenye safari fupi kuliko yako, au tufunge betri ya Leaf ya kizazi cha pili, ya uniti 40, ambayo inakaa kwenye sanduku lilelile kwa marekebisho kidogo na kifaa cha kuifanya izungumze na kompyuta ya gari. Hiyo si kazi ya bei ndogo, na isifanywe na anayejifunzia kwenye gari lako.

Mpaka hapo sijamjibu shemeji kuhusu kile kinyemi. Jumapili hii mwachie usukani yeye, wewe ukae kiti cha abiria. Aende hadi Bunju na kurudi, mkono wa gia ukiwa kwenye B, redio imezimwa. Mkirudi soma LeafSpy, uniandikie asilimia ya afya na tofauti ya seli. Na uniambie gari linashinda wapi mchana.